Kichupa cha Ogola

Achieng' alinipigia simu nikiwa nachambua mchele. Salamu zilikuwa fupi. Alisema Mama Ogola, mkwewe, ametuacha, kwamba mazishi ni Jumamosi, na kwamba vijana waliokuwa wakichimba kaburi upande wa kushoto wa nyumba yake, pale mwanamke wa Kijaluo anapozikwa, walikuwa wamegonga mkebe wa maziwa ya unga ulioliwa na kutu. Ndani ya mkebe mlikuwa na kichupa cha kioo, kidogo kama kidole gumba, kimebandikwa karatasi yenye mwandiko. "Hawa vijana wanaogopa kushika," akasema. "Mimi nimeshika. Hiyo mwandiko ni yako." Nikauliza kama kina kitu. Akasema kina kitu, nusu, na kwamba hayo mengine nisiulize kwa simu, nije. Nilibaki na ungo mapajani, na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, halikuwa pole kwa marehemu. Niliwaza: lakini kichupa kile kilizikwa pamoja na mwanawe, Ogola. Nilikuwepo. Niliona leso iliyofungiwa mkebe ule ikiingia kaburini kwa macho yangu.

Mwaka wa kichupa hicho nilikuwa msichana wa ishirini na kitu, teknishani mpya katika maabara ya maji pale Kisumu. Nilikotoka na kilichonileta ni hadithi ya siku nyingine. Inatosha kwamba jina langu ni Wambui na majirani waliniita nyar Okuyu, binti wa Wakikuyu, bila ubaya wowote. Nilipanga chumba Nyalenda, kimoja katika safu ya vyumba vilivyotenganishwa na mabati matupu, na katika maisha yangu sijawahi kula vizuri wala kusikia mengi kama nilivyokula na kusikia pale. Upande wa pili wa bati aliishi mwanamke mzaliwa wa Usenge, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye. Akikaanga, harufu ilipita kwangu kabla ya moshi. Akiongea na dada yake, maneno yalipita kabla ya harufu. Walichanganya Kiswahili na Dholuo, lugha yao ya Kijaluo, na kufikia katikati ya mwaka niliyaelewa yote yasiyonihusu. Mara nyingine aligonga bati, akapitisha bakuli la omena kwenye pengo la juu, nami nikarudisha bakuli lina githeri, mahindi na maharagwe, maana chombo hakirudishwi kitupu. Alikula githeri yangu akilalamika kwamba ni chakula cha shule.

Maabara ilikuwa karibu na ufuo, katika jengo lililokuwa zamani ghala la samaki, na siku za joto kuta zilikumbuka kazi yao ya kwanza. Mkubwa wangu alikuwa Daktari Awino, mwanamke mfupi aliyetafuna njugu kutwa nzima na asiyependa mtu mwenye pupa. Mwaka huo ziwa liligeuka kijani. Si kijani cha gugumaji, hicho tulikizoea. Hiki kilikuwa kama rangi ya mlango iliyomwagwa, kikasimama ukingoni kizito hata mawimbi hayakukivunja. Lililonitisha zaidi ni ule ukimya. Vyura walinyamaza. Ndege wa majini walihamia paa letu, wakakaa wakitazama ziwa bila kushuka. Kisha tukaitwa Usenge kwa sababu ya mbwa. Tuliwakuta wamelala kwenye mchanga kando ya maji, miguu imekunjwa vizuri, macho wazi, bila povu wala damu, na wanawake walikuwa wakianika omena hatua chache kutoka pale kana kwamba mbwa wale wamelala tu. Tulichota ule ukijani kwenye chupa, tukarudi. Ndani ya gari Daktari hakutafuna njugu hata moja.

Ogola alikufa muda si mrefu baadaye. Alikuwa mvuvi wa omena hukohuko Usenge, hajafikisha thelathini. Alirudi nyumbani asubuhi, akala, akanywa, akalala. Alipoamka alisema midomo inamchoma kama ameng'atwa na siafu. Kisha mikono ikafa ganzi, kisha miguu, na walipomfikisha hospitali alikuwa akiwatazama tu, anasikia kila kitu, ila kifua kimekataa kupanda. Hospitali hawakuona jeraha wala ugonjwa. Walituletea mkojo wake katika kichupa, nami ndiye niliyekibandika karatasi na kuandika jina.

Upande wa pili wa bati, hukumu ilikuwa imeshatolewa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema dada wa jirani yangu, na sauti ilikuwa ya mtu anayekunja nguo huku akisema. Ogola alikula wapi asubuhi ile? Nyumbani. Nani alipika? Mke wake, Achieng'. Walisema kuna kitu alimtilia kwenye chai, walisema waliwahi kugombana, walisema mama mkwe hajatia kinywani chochote kilichopikwa na Achieng' tangu siku ile, na mwili hautoki mochari mpaka mama ajue mwanawe ameuawa na nini. "Na akijua," akasema jirani yangu, "huyo msichana atatolewa kwa hiyo boma kabla udongo ikauke." Nilikuwa nimeshika kijiko cha omena yake. Niliendelea kula, lakini sikuonja kitu.

Mama Ogola alikuja kukaa kwenye benchi la ukumbi wa maabara yetu. Simaanishi siku moja. Alikuja kila tulipofungua, akaondoka tulipofunga, na Achieng' alikuja naye, maana ilikuwa kama amekamatwa bila pingu. Walikaa kwenye ncha mbili za benchi na kati yao nafasi ya watu wawili ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Mama alikuja na mahindi yake ya kuchemsha katika mfuko. Achieng' alikuja na chupa ya chai, akammiminia mkwewe kikombe, akakiweka pale kwenye ile nafasi. Kikombe kilipoa, kikafanya utando juu, na jioni Achieng' alikimwaga nje, chini ya ukuta. Kesho yake alimimina tena. Nilipita mbele yao nikiwa nimebeba vyombo vyangu, nikaona aibu ya kuwa na mikono yenye kazi.

Ndani, mashine ilisema hakuna kitu. Labda nieleze kidogo, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mashine ile kazi yake ni kutenganisha vitu vilivyoyeyuka pamoja. Unasukuma mchanganyiko kwa nguvu ndani ya mrija wa chuma uliojazwa unga laini, tunauita kolamu, na kila kitu kinapita kwa mwendo wake. Kinachotoka kinachora kilima kwenye kioo, na mahali kilima kilipo panakuambia ni nani. Kolamu yetu ya kila siku ilikuwa na unga wenye asili ya mafuta. Vitu vinavyopenda mafuta vilichelewa humo vikishikana na unga. Lakini kuna vitu vinavyopenda maji na kuchukia mafuta, na hivyo vilipita kama watu wanaopitia Kibuye kwenda kwao, hawatazami kibanda hata kimoja, wote wanatoka kwa pamoja mwanzoni kabisa. Kila tulichopima kilianza na rundo hilo. Tuliliita takataka za mbele, na hatukulitazama. Siku moja Daktari alisimama nyuma yangu, akanyoosha kidole kwenye takataka za mbele na kusema polepole kwamba muuaji huenda anapita hapa kila siku akitusalimia.

Alifungua droo, akatoa kolamu mpya aliyozawadiwa na rafiki yake wa ng'ambo, bado iko ndani ya sanduku lake. Hii ilikuwa kinyume. Unga wake ulikuwa kama mchanga wa kioo, na ukipitisha kiyeyushi tunachokiita asetonitraili, kingi, chenye maji kidogo tu, kila punje inavaa ngozi nyembamba ya maji. Kinachopenda maji kinakwama kwenye ngozi hiyo, kinachelewa, kinajitenga na wenzake. Mwanzoni tulishindwa vibaya. Vilima vilikuja vimevunjika, vimelala, vingine na migongo miwili, mpaka Daktari akagundua kwamba tulikuwa bado tunayeyusha sampuli zetu katika maji, kama tulivyofundishwa. "Tumempa maji mfukoni," akasema. "Sasa atasimama kwa nini kutafuta ingine?" Tukaacha maji. Tukaiacha kolamu itulie vya kutosha. Tukaweka sumu safi, ya aina inayojulikana kutoka katika ukijani kama ule, iliyoagizwa kwa ajili ya kulinganisha, na kilima kikasimama peke yake, chembamba, mahali palipokuwa patupu. Tukaweka ule ukijani wa Usenge. Kilima kikasimama palepale, kirefu mpaka kikagusa juu ya kioo.

Hapo ndipo ilipopaswa kupita sampuli tupu, asetonitraili isiyo na kitu, kuhakikisha kolamu imejisafisha. Lakini Mama Ogola alikuwa nje, tulisikia benchi likilia kila alipojigeuza, na Daktari Awino, yeye aliyenifundisha kwamba haraka haraka haina baraka, aliweka mkojo wa Ogola moja kwa moja. Tulisimama tukingoja. Feni ilizunguka. Mstari ulitambaa umelala, ukatambaa, kisha ukaanza kujiinua taratibu kama mtu anayeinuka kitandani, na nilipogeuka, Mama Ogola alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwita. Alikuja mpaka kwenye kioo.

"Huyo ndiye?" akauliza.

Daktari akamwambia kwamba hicho ni kitu kilichomuua. Sidhani alisikia tofauti. Aliweka kidole chini ya kilima, akakifuata kikipanda, akakifuata kikishuka, na kilipolala kabisa akasema, "Nyathina," mtoto wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemjibu aliyeko chumba cha pili. Kilima kilikuwa kimekwisha lakini kidole chake kilibaki pale.

Daktari aliwaketisha wote wawili ndani, akawapa chai, akaeleza. Sumu inatoka katika ule ukijani wa ziwa. Haina harufu wala ladha. Mbwa waliilamba, Ogola aliinywa. Achieng' aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: kama maji yamechemshwa? Daktari akasema kuchemsha hakusaidii kitu, sumu hiyo haiogopi moto, tena moto unaupasua ule ukijani na kuiachia yote ndani ya maji. Achieng' aliweka kikombe chini. Akaomba ruhusa, akatoka nje kwenye bomba letu, na kupitia dirishani nilimwona akinawa mikono. Alinawa, akasimama, akanawa tena. Nilidhani anaosha machozi ya mtu aliyefunguliwa, nikafurahi kwa ajili yake. Ndani, Mama Ogola alikuwa amemkunjulia Daktari leso mpya. "Sasa nipee mtoto yangu," akasema. Daktari akaanza kueleza kwamba nusu iliyobaki hutunzwa, kwamba mtu anaweza kutaka kupima tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwanawe hawezi kuzikwa kama amepungua, na kama Daktari ana watoto anajua hivyo. Daktari alikuwa nao. Alitafuta mkebe wa maziwa, akaweka kichupa ndani, akaufunga kwa leso.

Mazishini nilienda na Daktari, na kwa miaka mingi nilisimulia siku ile kama ushindi wangu. Nyuma ya nyumba, aliyekuwa akisonga ugali katika sufuria kubwa alikuwa Achieng'. Watu walikaa na sahani tupu wakitazamana. Ndipo Mama Ogola akaja, akaketi, akasema, "Chi Ogola, leta," mke wa Ogola, leta. Akapokea kutoka mkononi mwake, akamega, akatafuna mbele ya wote bila haraka. Baada ya hapo sahani zikaanza kugongana. Achieng' alituletea maji katika kikombe cha bati, na kabla ya kumpa Daktari alikunywa funda moja, akasimama kidogo, ndipo akampa. Nilidhani ndiyo desturi ya matanga kule. Leso iliingia kaburini imefungwa fundo, nami nikamnong'oneza Daktari kwamba mashine yetu imeokoa mtu.

Wiki iliyofuata niliwasha mashine kusafisha kolamu. Niliweka asetonitraili tupu, nikageuka kuosha vyombo, na nilipotazama kioo, kilima kilikuwa kimesimama. Palepale. Kidogo, lakini chenye umbo lilelile. Nikarudia, kikaja tena. Nilimwita Daktari, akaja na njugu mdomoni, akatazama mstari ukijiinua kutoka katika kitu kisicho na kitu, na taya lake likasimama. Tulisafisha kwa maji, tukasafisha kwa chumvi, tukaacha ipite usiku kucha. Kilima kilipungua, kikapotea, na siku tuliyokuwa tumekisahau kikarudi. Nilianza kuogopa kubaki pale peke yangu. Benchi la ukumbini lililia mchana wa joto na sikutoka kwenda kutazama. Najua mbao hulia zikipata joto.

Lakini hofu halisi haikuwa ya mizuka, na ilichukua muda kabla mmoja wetu kuisema. Kama kolamu ilikuwa inashika mabaki na kuyatoa baadaye, basi kilima tulichomwonyesha Mama Ogola kinaweza kuwa mabaki ya ule ukijani uliotangulia. Labda hakikuwa cha Ogola hata kidogo. Labda Ogola hakuwa na sumu ya ziwa mwilini, na tulikuwa tumemsafisha Achieng' kwa uchafu wa mashine. Kujua ni rahisi, unapima tena. Na cha kupima kilikuwa futi sita chini ya udongo wa Usenge, ndani ya leso. Nilikuwa kijana na nilikuwa na hasira. Nilimwambia Daktari tuwaambie ukweli, kwamba hatujui. Alianza kuifungua kolamu kutoka kwenye mashine. Kisha akasema, "Wambui, tukisema hatujui, wale watu watasikia ni yeye. Na maabara haifukui mtu." Kolamu aliirudisha katika sanduku lake, akaifungia kwenye droo. Mwaka ulipoisha nilihamia kazi kwingine, na hatukulizungumza tena mpaka alipofariki. Tangu hapo sijawahi kutia sahihi majibu ya mtu bila kwanza kupitisha sampuli tupu, na kila mara nikiitazama ile mistari mitupu ikitambaa, nangoja kilima kijiinue.

Basi Jumamosi ile nilifika Usenge. Ufuo ulikuwa na omena wakimetameta kwenye nyavu, na ziwa lilikuwa na rangi yake ya kawaida ya udongo. Achieng' ana mvi sasa. Alinipeleka ndani ya nyumba ya Mama, chumba cha makochi yaliyovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, akafunga mlango, akanipa mkebe. Mwandiko wangu ulikuwa umefifia lakini jina lilisomeka. Kifuniko kilikuwa kimeshika. Niliinamisha kichupa na ile nusu ikainama nayo, ya kahawia, polepole. Nilimwambia, kwa maana sikuweza kuzuia, kwamba labda hata leo kinaweza kupimwa, labda hakuna kitu kilichobaki, lakini labda. Nikamweleza habari yote ya kile kilima kilichorudi. Alisikiliza akipangusa kutu iliyobaki kwenye viganja vyake.

"Mlikuwa mnasumbuka hivyo," akasema. "Na hakuna mtu aliniuliza."

Ndipo akasema. Asubuhi ile maji ya kununua yalikuwa yamekwisha. Alishuka ziwani, akausukuma ule ukijani kando kwa ukingo wa beseni kama wanawake wote walivyofanya, akachota chini yake, akachemsha vizuri kama alivyofundishwa kliniki, akapoza. Ogola alirudi na kiu, akanywa jagi zima kabla mtu mwingine hajayagusa. "Mimi ndiye nilichota hiyo maji. Mimi ndiye nilimpea. Daktari akisema moto haisaidii, mimi nilijua hapo hapo. Mashine yenu haikukosea." Nilimuuliza kama Mama aliwahi kujua. Akasema alimwambia siku ileile, kabla hawajafika nyumbani, wamesimama kando ya barabara na leso mkononi mwa Mama. Alitaka afukuzwe. Mama alikaa chini kwenye nyasi, akakaa sana. Alipoinuka alimwambia asiseme hivyo tena kwa mtu yeyote, aende nyumbani apike.

"Kwa kaburi ya Ogola aliweka leso na mawe ndani," akasema Achieng'. "Hii alizika mwenyewe, mahali yeye atalazwa. Alisema watu wa mashine wanaweza rudi kutaka kupima tena, kwa Ogola wangefukua, lakini kwake hakuna mtu atachimba mpaka yeye afe kwanza. Aliniambia hiyo, lakini hakunionyesha mahali yenyewe hasa."

Tulitoka nje. Vijana walisogea kando. Achieng' alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akamwambia mmoja wao ashuke, akampa mkebe auweke palepale ulipokuwa, na kijana akaushika kwa vidole viwili. Baadaye, watu walipokuwa wakipakua chakula, niliketi kwenye kivuli cha ukuta nikiwa na koo kavu, nikaomba maji. Achieng' alileta bilauri imejaa, maji meupe ya bomba. Aliinua, akanywa funda moja, akasimama akitazama mbele, midomo yake ikijionja yenyewe. Ndipo nikaelewa: miaka yote hii ameonja hivyo, kwa kila mgeni, kwa kila mtoto wa boma lile. Nilingoja pamoja naye. Kisha akanipa, nami nikanywa.